Somo la Sita: Usonji na Hali ya Asperger

Katika somo lililopita tulisema kwamba usonji si wazimu, wala hautokani na malezi mabaya. Ni namna ubongo wa mtoto ulivyokua tangu mwanzo, hata akawa na shida ya kuelewana na watu na kuyashikilia sana mambo yale yale. Leo twajibu swali ambalo wazazi huuliza mara nyingi: mtoto wa usonji mwenye akili nzuri ana tofauti gani na yule aliyeitwa mwenye hali ya Asperger?

Natuwatazame watoto wawili, kila mmoja ana miaka mitatu. Wa kwanza alichelewa kusema. Alipotimiza miaka miwili hakuwa na neno hata moja. Sasa ameanza, lakini huyarudia maneno ya wengine vile vile alivyoyasikia. Akiona kiu humwambia mama yake, "Unataka maji?" kwa kuwa ndivyo mama alivyomwuliza jana. Wa pili alisema mapema, na leo anatoa sentensi ndefu kama mtu mzima. Lakini mazungumzo ya kupokezana hayawezi. Umwulize habari za nyumbani, yeye atakueleza habari za magari tu, mpaka uchoke.

Basi hiyo ndiyo tofauti iliyoandikwa vitabuni. Mtoto aliyetamka neno mojamoja alipofika miaka miwili, na kuunganisha maneno alipofika mitatu, aliwekwa upande wa Asperger. Aliyechelewa aliitwa wa usonji. Na kama akili yake haikuwa pungufu, waganga walisema ana usonji wenye uwezo mkubwa. Jina hili la pili halikuwa rasmi. Lilikuwa la mazungumzo tu.

Majina haya yalitoka wapi? Mwaka 1943 Daktari Leo Kanner, huko Baltimore, Marekani, aliandika habari za watoto 11 waliojitenga na watu. Mwaka 1944 Daktari Hans Asperger wa Vienna, Austria, aliandika habari za wavulana wanne wenye kusema vizuri lakini wasiopatana na wenzao. Maandishi yake hayakujulikana sana mpaka mwaka 1981, Daktari Lorna Wing wa Uingereza alipoyaeleza na kuieneza hali hiyo kwa jina la Asperger. Waganga wa akili wa Marekani walilitia jina hilo katika kitabu chao mwaka 1994.

Sasa turudi kwa watoto wetu. Wana miaka 12. Yule wa kwanza amepata maneno yote. Wote wawili wanajua hesabu, wote wawili hula peke yao wakati wa mapumziko. Mwalimu akisema, "Tegeni masikio," mmoja anauliza mtego uko wapi. Ni yupi? Huwezi kujua. Hata mabingwa walishindwa: mtoto mmoja alipewa jina hili katika hospitali moja, na jina lile katika nyingine. Kwa hiyo mwaka 2013 Wamarekani waliliondoa jina la Asperger. Shirika la Afya Duniani likafanya vivyo hivyo katika orodha yake iliyoanza kutumika mwaka 2022. Siku hizi jina ni moja, usonji, na mganga huandika mtoto anahitaji msaada kiasi gani. Wako watu wazima ambao bado hupenda kujiita kwa jina la zamani. Hiyo ni hiari yao.

Liko jambo jingine la kuhuzunisha. Mwaka 2018 zilichapishwa hati zinazoonyesha kwamba Asperger, katika utawala wa Wanazi, alishiriki kuwapeleka watoto waliohesabiwa kuwa hawafundishiki katika nyumba ya Spiegelgrund, mjini Vienna. Karibu watoto 800 walikufa humo, na wengi wao waliuawa. Tukumbuke basi kwamba kuwapanga watoto, huyu wa juu na huyu wa chini, si mchezo wa maneno.

Na kwetu je? Yule asemaye vizuri huambiwa, "Huyu ana akili, ni kiburi tu," akachapwa kwa kuwa hakuamkia wakubwa. Yule aliyechelewa huambiwa, "Huyu hasomeki," akafichwa nyumbani. Wa kwanza amenyimwa msaada kwa sababu ya ulimi wake, na wa pili amenyimwa shule kwa sababu ya ukimya wake. Wote wamedhulumiwa.

Shikeni basi mambo matatu. Mtoto wa miaka miwili asiyeunganisha maneno mawili asingojewe. Apelekwe kwa mganga, na masikio yake yapimwe. Mtoto asemaye vizuri lakini hapatani na wenzake, naye apelekwe. Na mwalimu aseme naye waziwazi, bila mafumbo, na kumwarifu mapema ratiba inapobadilika.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:

1. Tofauti ya zamani ilipimwa kwa jambo gani?
2. Kwa nini majina mawili yamefanywa moja?
3. Yuko mtoto kijijini kwenu aitwaye mkaidi au bubu? Nani amepata kumwuliza anahitaji nini?

Kwaherini, mpaka juma lijalo.