Kofi Moja na Neema ya Kusikia

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Ndugu zangu katika imani, tukifunga huambiwa masikio nayo yafunge, yasisikize umbea. Leo tuulizane jambo jengine: hayo masikio yenyewe twayalinda? Surat Al-Israa, aya ya 36, yatukumbusha kuwa tutaulizwa juu ya usikivu wetu.

Ndani kabisa ya sikio mna koklea, mfano wa kijikonokono kilichojaa maji. Humo mna seli kama 15,000 zenye vinyweleo, zinazopeleka sauti kwenye ubongo. Ulizozaliwa nazo ndizo hizo. Zikifa hazioti tena. Kofi la sikio, kuanguka kwa kichwa, au fataki ya Idd ikilipuka karibu, vyaweza kuziua kwa mara moja.

Kiwambo cha sikio kikitoboka, mara nyingi hujiziba chenyewe baada ya wiki kadhaa, bora sikio lisiingie maji. Na seli zilizotikisika tu huweza kurudi kazini kwa siku chache. Ndiyo maana watu husema, "Ah, itapoa." Lakini utajuaje kama ni kiwambo au ni koklea? Kipimo cha usikivu hospitalini ndicho kitakachobainisha. Daktari akiona sikio la ndani limeumia, huenda akaanzisha dawa za steroidi, na matumaini huwa makubwa zaidi zikianza mapema.

Basi ukipata mvumo usiokwisha, kisunzi, au sikio kuziba baada ya kipigo, usitie mafuta wala maji ya kitunguu, na usingoje Idd. Utasema, "Lakini nimefunga!" Mgonjwa ameruhusiwa kula, alipe siku nyengine. Na damu au maji yakitoka sikioni baada ya ajali, ni hospitali saa hiyo hiyo.

Ambaye usikivu haukurudi, tusimfiche nyumbani. Viko vifaa vya kusikilizia. Tumketishe mbele darasani, tuzungumze naye uso kwa uso.

Na nyinyi wazazi na maalim wetu, kwa heshima zote: Mtume (s.a.w.) amekataza kupiga uso, na sikio liko ubavuni mwa uso. Mtoto unayempiga kofi ili asikie, huenda ndiyo ukamwondolea kusikia kwenyewe.

Allah atuhifadhie masikio yetu na atutakabalie funga zetu. Amin. Wabillahi tawfiq.