Alumini au Pantoni: Kuchagua Boti kwa Maji ya Durban

1. Utangulizi

Mnunuzi wa boti hapa Durban huanza na bei, kisha injini. Hoja yangu ni kwamba aanze na maji. Tunayo ya aina tatu: mabwawa ya bara kama Inanda, Albert Falls na Midmar, ghuba ya bandari, na Bahari ya Hindi yenyewe. Boti iliyo salama kwenye aina moja inaweza kuwa hatari kwenye nyingine.

2. Mabwawa

Boti ndogo ya alumini, ya mita 4 hivi, ni chombo cha mvuvi mmoja au wawili. Ni nyepesi, hukokotwa na gari dogo, na huingia kwenye maji ya kina kifupi penye samaki aina ya besi (bass). Magugumaji yakitanda, kama yanavyofanya Inanda, mvuvi huinua injini na kushika makasia. Kasoro yake ni kuyumba: abiria akisimama ghafla upande mmoja, boti huinama.

Pantoni ni sakafu bapa juu ya mapipa marefu mawili au matatu ya alumini yaliyozibwa. Hutulia kwa upana wake, kama ngalawa inavyotulia kwa matengo yake. Wazee na watoto hukaa bila hofu, na wavuvi kadhaa hurusha ndoana pamoja. Lakini ni nzito, hudai trela refu na gari lenye nguvu, na ubavu wake mpana hushika upepo, hivyo kuiegesha siku ya upepo ni kazi.

3. Ghuba

Bandarini adui ni chumvi. Alumini ikigusana na shaba ndani ya maji chumvi, inayoliwa ni alumini. Rangi ya chini yenye shaba nayo haifai. Vipande vya kinga vya zinki vikaguliwe mara kwa mara, na boti ioshwe kwa maji baridi kila itokapo. Pantoni ina metali nyingi zaidi majini, kwa hiyo gharama ya kinga hii kwake ni kubwa zaidi. Tena meli kubwa hupita humo. Mawimbi yake huweza kupanda juu ya sakafu ya pantoni iliyoelemewa mbele.

4. Bahari

Mkondo wa Agulhas huelekea kusini-magharibi. Upepo wa kutoka huko ukiukabili, mawimbi husimama na kubanana. Pantoni haina omo la kuyapasua, na boti ndogo iliyo wazi hujaa maji. Ndiyo maana wavuvi wa pwani hii walibuni boti ya kuvuka mawimbi ya ufukweni: sitaha iliyozibwa inayojimwaga maji, na kwa kawaida injini mbili.

5. Mapendekezo

Mvuvi wa bwawani achukue boti ndogo ya alumini. Familia au kikundi kichukue pantoni, iwapo wana gari la kuivuta na mahali pa kuiegesha. Kwa bahari ya wazi, zote mbili ziachwe.

Kabla ya kulipa, mnunuzi adai majaribio siku ya upepo, akiwa na idadi kamili ya abiria wake. Injini ikifika nguvu za farasi 15, sheria zinazosimamiwa na SAMSA, mamlaka ya usalama wa baharini ya Afrika Kusini, humtaka nahodha awe na cheti. Gharama ya mafunzo ya cheti hicho iingizwe kwenye bajeti tangu mwanzo.