Taya Likiuma, Uliza Kabla ya Kununua Tembe

(Mazungumzo ya afisa wa habari wa kaunti mbele ya wakazi)



Mimi si daktari. Kazi yangu ni kuwaletea habari za serikali ya kaunti. Lakini leo nimeomba dakika chache nizungumzie jambo lililoanzia jikoni kwa mama yangu.

Mama ana miaka 63. Mwaka jana taya lilianza kumuuma, na kila akitafuna lilikwaruza kama bawaba kavu ya mlango. Mwuzaji mmoja akamwambia kuna tembe za kuotesha upya gegedu ya viungo. Mama akanunua mkebe mmoja, kisha wa pili, kisha wa tatu. Pesa za mkebe wa tatu zilikuwa za mbolea. Maumivu hayakuisha, na muda wote huo hakuwa ameonwa na daktari wa meno.

Hebu wekeni vidole mbele ya masikio, kisha mfungue kinywa polepole. Hapo panaposogea ndipo kiungo cha taya kilipo. Ndani yake mna tabaka laini linalozuia mifupa kusuguana. Tabaka hilo likichakaa, mtu huhisi maumivu, husikia mkwaruzo, na asubuhi taya huwa gumu. Madaktari huita hali hiyo osteoathritisi.

Tembe nyingi zinazouzwa kwa ajili ya viungo huwa na glukosamini, ambayo mara nyingi hutokana na magamba ya kamba na kaa, au kondroitini, inayotolewa kwenye gegedu za wanyama. Wanaoziuza husema: gegedu imepungua, basi meza kinachoijenga. Maneno hayo yanaingia akilini. Je, yamepimwa?

Yamepimwa. Mwaka wa 2006, utafiti wa Marekani uliohusisha watu 1,583 wenye maumivu ya goti ulionyesha kwamba, kwa jumla, tembe hizo hazikushinda tembe zisizo na dawa. Mwaka wa 2011, watafiti wa Uswidi waliwapima wagonjwa 59 wa kiungo cha taya kwa wiki 6. Waliomeza glukosamini hawakupata nafuu kuliko wenzao. Wagonjwa hao walikuwa wachache na muda ulikuwa mfupi, kwa hivyo hilo si neno la mwisho. Lakini mtu akikuahidi kwamba gegedu ya taya itaota tena, anakuahidi jambo ambalo halijathibitishwa.

Tena, tembe hizi si za kila mtu. Ukitumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, glukosamini inaweza kuiongezea nguvu ukavuja damu. Mwenye mzio wa kamba au kaa, mwenye kisukari na mama mjamzito waulize kwanza. Ukienda kliniki, beba mkebe wako uonyeshe unachomeza.

Yako mambo ya kufanya nyumbani. Kula vyakula laini kwa siku kadhaa. Pumzisha taya: acha chingamu, miraa, miwa na mahindi choma magumu. Kanda kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu. Ukipiga miayo, tegemeza kidevu kwa mkono. Kwa wengi, maumivu hupungua pole pole kwa njia hizi.

Lakini usisubiri nyumbani taya likikwama, likivimba, au ukipata homa. Mwenye zaidi ya miaka 50 akiumwa taya anapotafuna, pamoja na kichwa kipya au macho kufifia, aende hospitali siku hiyo hiyo. Na maumivu ya taya yakija na kubanwa kifua, kutokwa jasho au kukosa pumzi, huenda ni moyo. Kimbia hospitali mara moja.

Hujui pa kuanzia? Mwulize mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chako, au fika kituo cha afya kilicho karibu uelekezwe kwa daktari wa meno.

Mama hatimaye alienda. Kumbe alikuwa akisaga meno usingizini. Alipewa kinga ya kuvaa usiku na kufundishwa mazoezi ya taya. Mkwaruzo bado upo, lakini sasa anakula ugali wake bila kushika shavu. Ile mikebe mitatu ameiwekea mbegu za mboga.