Muuguzi Afundishwe Wapi: Wodini, kwa Sanamu, au Nyumbani?

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wauguzi)



Nimeombwa niseme juu ya njia za kufundisha uuguzi. Kila mwenye chuo huisifu njia yake; mimi nitazitazama kwa jicho la mfanyakazi.

Njia ya zamani ni kujifunza kazini. Chuo cha Florence Nightingale kilifunguliwa mwaka 1860 katika hospitali ya St Thomas', London, na wanafunzi wakafundishwa wodini chini ya masista. Mtindo huo ulienea mpaka kwetu. Uzuri wake, mwanafunzi humwona mgonjwa mwenyewe. Ubaya wake mnaujua: hospitali ikipungukiwa na watu, mwanafunzi hugeuzwa kibarua. Atatandika vitanda na kusukuma machela kutwa, na somo litangoja.

Ya pili ni sanamu. Mwaka 1911 hospitali ya Hartford, Marekani, ilipata mwanasesere wa kimo cha mtu, akaitwa Mrs. Chase, ili wanafunzi wajizoeze kumgeuza na kumhudumia mgonjwa. Leo ziko sanamu zenye mapigo ya moyo, hata hukohoa! Je, zaweza kushika mahali pa wodi? Uchunguzi uliotolewa Marekani mwaka 2014, katika vyuo 10, ulijaribu jambo hilo. Wanafunzi wengine walifanya nusu nzima ya masaa yao ya wodini kwa mazoezi ya kuigiza, na mwisho hawakupitwa na wenzao. Lakini sikilizeni vizuri: walimu wao walikuwa wamefundishwa kazi hiyo, na baada ya kila zoezi walikaa na wanafunzi kulijadili. Kununua sanamu na kuifungia kabatini si kufundisha.

Ya tatu yatuhusu zaidi. Mwaka 2005 Amref, pamoja na Baraza la Wauguzi la Kenya, walianza kuwafundisha wauguzi wa cheti kwa kompyuta ili wapate diploma. Wenye cheti walikuwa maelfu kwa maelfu. Wote wangeitwa vyuoni, nani angebaki zahanati? Basi muuguzi akabaki kazini, akasoma, na mazoezi akayafanya hospitalini. Kwa mwenye watoto na karo, hiyo ni nafuu kubwa. Lakini kufungua kitabu usiku baada ya zamu ya mchana si mchezo, na mwajiri hupata muuguzi mwenye elimu zaidi bila kutoa hata saa moja.

Kwa maoni yangu sindano ya kwanza na idungwe kwenye sanamu, si kwenye mkono wa mama mgonjwa. Baada ya hapo hakuna cha kushinda wodi, ikiwa yupo wa kufundisha. Nasi twajua ni nani afundishaye: ni yule muuguzi mkongwe, mwenye wagonjwa tele, asiyelipwa senti kwa kazi hiyo.

Kwa hiyo twataka mkataba ujao utaje masaa ya kusomea, na muuguzi anayefundisha apunguziwe wagonjwa. Wote mnaosoma sasa, mpeni katibu wa tawi majina na zamu zenu kabla ya mwisho wa mwezi, ili tukikaa na waajiri tuwe na hesabu mkononi.