Simba Yatima na Baba Yake Mdogo

Leo nataka kunena nanyi habari za sinema moja iliyoenea duniani kote, nayo ni The Lion King, yaani Simba Mfalme. Ilitoka Marekani mwaka 1994, katika kampuni ya Walt Disney. Hamna mnyama wa kweli ndani yake. Mafundi walichora picha moja moja, na picha 24 zipitapo katika sekunde moja, jicho huona kitu kinakwenda. Nyimbo zake zilitungwa na Elton John na Tim Rice. Majina kadhaa ni ya lugha yetu: Simba, Rafiki, Pumbaa, na fisi aitwaye Shenzi.

Kisa chake ni hiki. Mfalme Mufasa alikuwa na mwana, Simba, ndiye mrithi wake. Scar, mdogo wake mfalme, aliutamani ufalme. Akamweka mtoto bondeni, na fisi wakawakurupusha nyumbu wengi wamkanyage. Baba akaja kumwokoa mwanawe, lakini Scar akamwangusha, akafa. Kisha akamwambia yatima kuwa baba yake amekufa kwa ajili yake, basi na akimbie, asirudi tena. Mtoto akasadiki, akakimbia. Scar akashika enzi, nchi ikakauka, njaa ikaingia. Hata Simba alipokua, mzee Rafiki alimkumbusha yeye ni mwana wa nani. Akarudi, na kweli ikadhihirika.

Waingereza wana neno moja tu kwa mjomba na kwa ndugu ya baba. Sisi sivyo. Kwetu Scar ni baba mdogo, naye mtoto humwita baba. Yampasa awe baba hasa siku ile yule wa kwanza anapozikwa. Kwa hiyo kosa lake twaliona kubwa kuliko walionavyo wao.

Na jambo hili si la sinema tu. Mtu akifa, ng'ombe na shamba hubaki. Pengine ndugu husema, "Mtoto hajui kitu, nitamtunzia." Miaka hupita, ng'ombe huisha, na mtoto akiuliza huambiwa kuwa yeye ndiye mkosi wa nyumba. Angalieni jinsi Scar alivyofanya: kabla ya kutwaa kiti, alimtwika mtoto hatia. Mwenye kunyang'anya mali ya yatima hutangulia kumnyang'anya moyo, maana asiye na moyo hadai.

Huko ugenini Simba alifundishwa kusema "hakuna matata". Maneno hayo ni faraja kwa mtoto aliyechoka, lakini si urithi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumnyima mtoto manufaa yampasayo katika mali ya mzazi wake aliyefariki. Tena msimamizi wa mirathi aliyewekwa na mahakama hupaswa kutoa hesabu ya mali ile. Kuiuliza hesabu hiyo si utovu wa adabu.

Wala tusidhani kuwa kisa hiki ni desturi ya simba wa Serengeti. Dume wa porini, apatapo miaka miwili au mitatu, hulazimika kuliacha kundi alimozaliwa, naye hutafuta kundi jingine. Harudi kutwaa kiti cha baba yake. Fisi nao si walaji wa mizoga tu. Hans Kruuk, aliyewachunguza Serengeti na Ngorongoro katika miaka ya 1960, aliona ya kuwa huwinda wenyewe sehemu kubwa ya chakula chao. Kurudi nyumbani na kudai haki ya baba ni mambo ya wanadamu, waliovikwa ngozi ya simba kama katika hadithi za bibi zetu.

Basi, watoto wakiitazama sinema hii, ninyi wazee ketini nao. Ikiisha, waulizeni: Je, baba mdogo alipaswa kufanya nini siku ile bondeni? Wasikilizeni majibu yao, hasa ikiwa yumo yatima nyumbani mwenu. Kwaherini.