Serikali Mbili Katika Nchi Moja: Jambo Hili ni la Nani?



Mwananchi aonapo daraja la kijiji limevunjika, au zahanati haina dawa, neno la kwanza limtokalo kinywani ni hili: "Serikali haitujali." Pengine asemalo ni kweli, lakini halitoshi, kwa sababu katika Kenya Serikali si moja. Tangu uchaguzi wa tarehe 4 Machi, 2013, iko Serikali ya Taifa, na ziko Serikali za kaunti 47. Kila moja imepewa kazi zake na Katiba, na kila moja ina mlango wake. Mtu abishaye hodi katika mlango usiohusika hupoteza siku yake na nauli yake. Na yule aliyepaswa kujibu hukaa raha mustarehe, kwa kuwa hapana aliyemwuliza.

Mpango huu haukuzuka ghafula. Kenya ilipopata uhuru tarehe 12 Desemba, 1963, Katiba ya wakati ule iliigawanya nchi katika majimbo, na Bunge lilikuwa na mabaraza mawili. Lakini majimbo hayakudumu. Madaraka yake yalirudishwa Nairobi kabla mwaka 1964 haujaisha, na mwaka 1966 Seneti nayo ikaondolewa, Bunge likawa baraza moja. Halmashauri za wilaya ziliendelea kuwapo, lakini fedha na amri kubwa zilitoka juu. Watu wa mbali na makao makuu walilalamika miaka mingi ya kwamba shauri lao hukatwa na watu wasioijua nchi yao. Ndiyo sababu wananchi walipopiga kura ya maoni tarehe 4 Agosti, 2010, walikubali Katiba mpya, ambayo ilitangazwa rasmi tarehe 27 mwezi ule ule.

Kwanza ifahamike jinsi Serikali ya Taifa ilivyopangwa. Mkuu wake ni Rais, ambaye huchaguliwa na nchi nzima kwa muda wa miaka mitano, wala hawezi kushika cheo hicho zaidi ya vipindi viwili. Ili ashinde, hana budi kupata zaidi ya nusu ya kura zote, na pia angalau robo ya kura katika kila moja ya kaunti 24 au zaidi, ili asiwe Rais wa upande mmoja tu. Mawaziri huteuliwa na Rais na kuthibitishwa na Bunge la Taifa. Lakini wao wenyewe hawawi wabunge.

Bunge lina mabaraza mawili. La kwanza ni Bunge la Taifa, lenye wabunge 290 wa maeneo ya uchaguzi, wanawake 47 waliochaguliwa kila mmoja na kaunti yake, na 12 walioteuliwa na vyama. La pili ni Seneti, yenye maseneta 67, na 47 kati yao huchaguliwa na kaunti. Kazi kubwa ya Seneti ni kuzilinda kaunti na Serikali zake.

Mkono wa tatu ni Mahakama, ambazo hazipokei amri ya Rais wala ya Bunge. Jambo hili lilionekana wazi tarehe 1 Septemba, 2017, wakati Mahakama ya Juu ilipoubatilisha uchaguzi wa Rais uliofanywa mwezi wa Agosti, na nchi ikalazimika kupiga kura tena tarehe 26 Oktoba.

Sasa kuhusu kaunti. Kila kaunti ina Gavana, aliyechaguliwa na wenyeji, na ina Baraza lake lenye wawakilishi wa wadi, ambao kazi yao ni kutunga sheria za kaunti, kupitisha makadirio ya fedha, na kumchungua Gavana. Gavana si mtumishi wa Rais. Rais hawezi kumfukuza kwa barua, kama Mkuu wa Wilaya alivyoweza kuhamishwa zamani.

Je, kazi zimegawanywaje? Zahanati, vituo vya afya na hospitali za kaunti ni mali ya kaunti. Lakini hospitali kuu za rufani, kama ile ya Kenyatta, zi chini ya Serikali ya Taifa. Shule za chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini ni vya kaunti. Shule za msingi, za sekondari na vyuo vikuu ni vya Taifa. Barabara kuu ziunganishazo miji mikubwa ni za Taifa; barabara za kaunti, pamoja na masoko, maji na huduma za kilimo, ni za kaunti. Polisi, majeshi, vitambulisho na mambo ya nchi za nje ni ya Taifa peke yake.

Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja. Katiba imewaweka fahali wawili katika zizi moja, na mara nyingi ugomvi wao huwa juu ya malisho, yaani fedha. Sheria yasema kwamba kaunti zote kwa pamoja zipewe angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa, kwa kufuata hesabu za karibuni zilizokaguliwa na kukubaliwa na Bunge la Taifa. Lakini jinsi ya kuligawanya fungu hilo baina ya kaunti ni shauri la Seneti. Mwaka 2020 maseneta walibishana kwa majuma mengi: kaunti zenye watu wengi zilitaka hesabu ya watu ipewe uzito, na zile za ukame, zenye nchi kubwa na watu haba, zikakataa. Hawakupatana mpaka mwezi wa Septemba, ilipoamuliwa kwamba isiwepo kaunti itakayopata pungufu ya ilivyopata zamani. Wakati huo wote fedha zilikawia. Hivyo mama aliyekosa dawa ya mtoto wake katika zahanati ya kaunti alikuwa na haki ya kujua mambo mawili: kama fedha zilifika, na kama zilifika, zilikwenda wapi.

Katiba imeweka walinzi wa kulijibu swali hilo. Msimamizi wa Bajeti ndiye atoaye idhini kabla ya fedha kutolewa katika hazina ya kaunti. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu huzichungua hesabu na kutoa taarifa yake kila mwaka. Na Gavana akivunja sheria kwa namna iliyo mbaya, Baraza la kaunti laweza kupiga kura ya kumwondoa, na Seneti ndiyo ikatayo shauri hilo. Mwaka 2020 magavana wawili, wa Kiambu na wa Nairobi, waliondolewa kwa njia hiyo.

Lakini mlinzi wa mwisho ni mwananchi. Vikao vya Baraza la kaunti hufanywa hadharani, na Baraza hapana budi liwape wenyeji nafasi ya kutoa maoni yao juu ya kazi zake. Katiba yampa kila mtu haki ya kupeleka ombi kwa Bunge, na kila raia haki ya kupewa habari zilizo mikononi mwa Serikali. Haki hizi hazimfaidii mtu alalaye. Makadirio yakipitishwa katika ukumbi mtupu, yatafuata matakwa ya wale waliokuwamo.

Basi daraja likivunjika, yafaa wanakijiji waulize kwanza: barabara hii ni ya kaunti au ya taifa? Ikiwa ni ya kaunti, waende kwa mwakilishi wa wadi, wawe na barua iliyoandikwa vizuri na kutiwa sahihi na wengi. Na wabaki na nakala yake. Ikiwa ni ya taifa, barua iende kwa mbunge wao. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo; na kiongozi asiyeulizwa hana haja ya kujibu.