Pinetown na Mto Palmiet: maarifa ya tabianchi yaandikwayo na wakaazi

Tarehe 11 na 12 Aprili mwaka 2022 mvua kubwa iliupiga mji wa Durban, katika jimbo la KwaZulu-Natal, Afrika Kusini. Vituo kadhaa vilipima zaidi ya milimita 300 kwa muda wa saa 24, na zaidi ya watu 400 walifariki dunia katika jimbo hilo. Vilima vya magharibi ya Durban, penye mji wa viwanda wa Pinetown na vitongoji kama Clermont, havikusalimika.

Milimita 300 ni tarakimu ambayo mtaalamu huielewa mara moja. Lakini mama aliyejenga kibanda chake kando ya mto anaielewaje? Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji katika kila mita moja ya mraba. Kwa hiyo milimita 300 ni sawa na madumu 15 ya lita 20 yaliyomwagwa juu ya kila mita ya mraba, iwe ni paa, ua au mteremko wa kilima. Maelezo ya namna hiyo, yaliyo sahihi na yenye kushikika, ndiyo mwanzo wa elimu ya tabianchi. Swali ni nani anayeyaandika, kwa lugha gani, na yanahifadhiwa wapi.

Durban si mji uliopungukiwa na wataalamu. Mwishoni mwa mwaka 2011 uliandaa mkutano wa 17 wa Umoja wa Mataifa kuhusu mabadiliko ya tabianchi. Mwanasayansi wa manispaa yake, Debra Roberts, alikuwa mwenyekiti mwenza wa kundi la Jopo la Kimataifa la Mabadiliko ya Tabianchi linaloshughulikia athari. Ripoti kuu ya kundi hilo ilitolewa tarehe 28 Februari 2022, wiki sita tu kabla ya mafuriko. Hata hivyo lugha rasmi za Jopo hilo ni zile 6 za Umoja wa Mataifa. Kizulu hakimo, na Kiswahili hakimo.

Pengo hilo lina kipimo chake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, kutokana na mahojiano katika nchi 33 za Afrika, ulionyesha kuwa kwa wastani ni asilimia 37 tu ya watu waliokwisha kusikia habari za mabadiliko ya tabianchi na kutambua kwamba yanasababishwa, angalau kwa sehemu, na binadamu.

Sayansi yenyewe haikukaa kimya. Mwezi Mei 2022, wanasayansi wa mradi wa World Weather Attribution walieleza kuwa mvua kama ile, ambayo zamani ingetarajiwa mara moja katika miaka 40, sasa hutarajiwa mara moja katika miaka 20. Sababu yake si fumbo: kila joto linapopanda kwa nyuzi moja, hewa huweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7.

Lakini onyo lililowafaa watu lilipitia njia nyingine. Mto Palmiet hupita katika eneo la viwanda la Pinetown, huteremka Westville, kisha huungana na mto uMngeni. Karibu na makutano hayo upo mtaa wa mabanda wa Quarry Road West. Hata kabla ya mwaka 2022, wakaazi wake, watafiti wa Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal na maafisa wa manispaa walikuwa wakipashana habari kwa WhatsApp: maafisa wakituma utabiri, wakaazi wakituma picha na maelezo ya kimo cha maji. Usiku wa mafuriko mabanda mengi yalisombwa, lakini watu wengi walikuwa wamekwisha kuondoka.

Msikilizaji, hapa yafaa kutofautisha mambo mawili. Onyo la usiku mmoja huokoa maisha, nalo ni jambo kubwa. Lakini ujumbe wa simu huzama chini ya jumbe nyingine, na mpangaji atakayehamia mtoni mwakani hatauona. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Maarifa nayo ni mali.

Daftari la namna hiyo limekwisha kujaribiwa katika Afrika Mashariki. Jijini Dar es Salaam, mradi wa Ramani Huria ulioanza mwaka 2015 uliwakutanisha wanafunzi wa vyuo vikuu na wenyeji wa mitaa. Walichora njia, nyumba na mifereji ya maji, wakauliza mafuriko hufika wapi, kisha wakaweka taarifa katika ramani ya OpenStreetMap, ambayo yeyote anaweza kuitumia na kuisahihisha. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 2003, na ile ya Kizulu, hufuata kanuni iyo hiyo ya milango wazi.

Uwazi huo una masharti. Wikipedia humtaka mwandishi aonyeshe chanzo kilichochapishwa, ilhali kumbukumbu za wazee kuhusu mto zimo vinywani. Ndiyo maana kumbukumbu hizo hazina budi kukusanywa, kupimwa na kuchapishwa kwanza, kwa ushirikiano wa shule, vyuo na wenyeji.

Wala daftari halihamishi nyumba. Aliyejenga bondeni kwa kukosa kiwanja pengine ajua hatari kuliko mtu yeyote. Lakini alama ya kimo cha maji iliyoandikwa, yenye tarehe na mahali, iliyo wazi kwa kila msomaji, humpa ushahidi wa kuweka mbele ya diwani wake anapodai mfereji au kiwanja salama. Na diwani naye hawezi tena kusema kwamba hakuna aliyejua.